Mshale Uliofutwa kwa Spiriti

Siwezi kupita karatasi iliyobandikwa ukutani bila kuisoma. Nasoma ya zahanati, nasoma ya benki, nasoma hata ya choo cha stendi. Nikikuta maelekezo ambayo mtu akiyafuata yatamkwamisha, moyo unanienda mbio kana kwamba nimetukanwa mimi. Najua hiyo si afya. Nikitoka nyumbani Nyasho, hapa Musoma mjini, narudi kukagua kufuli niliyokwisha kuikagua. Ujumbe wa simu wa kusema tu nimefika salama nausoma upya kabla sijautuma, na nikishautuma nausoma tena, natafuta nilipokosea. Haya ninayoyaandika niliyaacha kwanza ili hasira ipoe. Haikupoa, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo.

Kompyuta nilijifundisha mwenyewe. Matokeo ya kidato cha nne hayakunipeleka popote, na binamu yangu alipohama aliniachia laptop yenye kioo kilichopasuka pembeni. Ndani yake mlikuwa na kurasa za msaada, kila amri na ukurasa wake: inafanya nini, inaandikwa kwa mpangilio gani, ukikosea itaharibu nini. Bando la intaneti sikuwa nalo, lakini kurasa zile zilikuwa humo humo. Nilikaa kwenye kigoda nje ya nyumba, harufu ya dagaa wa mwalo wa Mwigobero ikitoka kwa jirani aliyewaanika juu ya neti, nikasoma amri moja na kuijaribu, nyingine na kuijaribu. Mashine ikifanya tofauti na ukurasa unavyosema, nilikuwa nalia. Nilidhani Kiingereza changu ndicho kibovu. Ilinichukua muda mrefu kuamini kwamba ukurasa wenyewe unaweza kuwa umekosea.

Nilipoamini, nilianza kukasirika, na sijaacha. Maana kosa lile lina mtu. Kuna mtu alikaa mahali, akaandika fanya hivi, yeye mwenyewe hakufanya hivyo hata mara moja kuona kinachotokea, akainuka akaenda kunywa chai.

Mama yangu mdogo ni karani wa kituo cha kukusanya maziwa cha chama cha wafugaji, huko Butiama. Ni mdogo wake mama, na ndiye aliyenilea mama alipokuwa anaumwa, kwa hiyo kwake mimi ni mwana, si mpwa. Asubuhi watu wanafika kituoni na madumu kwenye baiskeli, yeye anachota maziwa kidogo, anayachanganya na spiriti kwenye kichupa na kutikisa. Yakiganda anayakataa, na mwenye nayo anamnunia hadi Jumapili. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ndani ya kompyuta. Humo aliandika kila ng'ombe wa kila mwanachama: kazaa lini, kachomwa dawa gani, maziwa yake yazuiwe mpaka lini yasichanganywe na ya wenzake kwenye tangi.

Asiyekuwa wa huku hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Kwetu hakuna mtu anayekutajia idadi ya ng'ombe wake. Ukimuuliza anao wangapi atakujibu, "Wapo wapo," kisha atakuuliza habari za nyumbani kwako. Si ushirikina tu. Wezi wa mifugo wanapokuja, wanakuja wakijua zizi lipi lina nini, na mtu aliyewaambia mara nyingi ni mtu aliyewahi kunywa chai hapo. Mama mdogo alizunguka nyumba kwa nyumba akikaa jikoni na wanawake wenzake, akiongea Kizanaki. Hakuuliza idadi hata siku moja. Aliuliza habari za yule mwenye pembe iliyopinda, halafu za yule wa madoa, halafu za ndama wa yule wa madoa. Aliwaahidi kwamba maneno yale hayatatoka ndani ya ile kompyuta. Walimwamini yeye. Chama walikuwa hawakijui vizuri.

Watu wa mradi walioleta kompyuta walipoondoka, ofisi ya chama iliyoko Bunda ikatuma kwenye vituo vyote karatasi inayoitwa Mwongozo wa Amri. Katibu wa chama aliitafsiri mwenyewe kutoka kwenye maelezo yaliyokuja na programu. Ilipigwa lamineshen, na chini ilikuwa na muhuri wa chama, wa bluu, mkubwa kama kisosi. Mama mdogo aliibandika juu ya meza yake. Wanachama waliiita Amri Kumi, ingawa zilikuwa pungufu.

Mimi niliitwa kutengeneza printa. Nikawa nasubiri printa ijipashe moto, macho yakapanda ukutani.

Mstari wa nne ulieleza jinsi ya kunakili kumbukumbu zote kwenda kwenye flashi, kompyuta ikifa zibaki. Amri ile inahitaji uandike sehemu mbili, mahali vitu vinakotoka na mahali vinakokwenda. Karatasi ilisema uanze na mahali vinakokwenda. Programu yenyewe inasoma kinyume chake. Na ile amri haiongezi vitu, inalinganisha. Inaifanya sehemu ya pili iwe sawasawa na ya kwanza, na chochote ambacho ya kwanza haina, inakifuta kwenye ya pili. Kwa hiyo ukichomeka flashi mpya na kufuata karatasi, unaiambia kompyuta iwe kama flashi. Na flashi haina kitu.

Niliinakili programu ile kwenye laptop yangu, nikajaribu palepale. Folda moja nikaiwekea picha, nyingine nikaiacha tupu, nikachapa kama karatasi ilivyoagiza. Picha zikapotea. Nikarudia, zikapotea tena.

"Mama mdogo, hii karatasi itakuua."

"Ebu niondolee uchuro asubuhi yote hii. Printa imepona?"

"Printa imepona. Mgonjwa ni karatasi."

Nilimwonyesha. Alitazama, akasema "Haa!" kwa adabu, jinsi unavyomwambia mtoto aliyekuonyesha mchoro wa trekta. Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikachora mshale juu ya lamineshen kubadilisha zile sehemu mbili, na pembeni nikaandika kwa herufi kubwa: ANZA NA KOMPYUTA, MALIZIA NA FLASHI. Nilirudi Musoma usingizi ukiwa umeniruka, nikitafuta kosa hilo lilianzia wapi. Katibu wa watu hakuwa amelizua. Maelezo ya asili, ya waliotengeneza programu, yalikuwa hivyo hivyo.

Niliwaandikia wenye programu. Barua pepe ile niliipima kila neno nisije nikaonekana mjinga. Jibu lilikuja haraka, fupi, na mwishoni lilikuwa na alama ya kutabasamu. Walisema wanalifahamu, na kwamba mtumiaji makini ataelewa mpangilio sahihi mwenyewe.

Mtumiaji makini! Mimi nina umakini ulionigeukia ugonjwa, na bado nilielewa kwa kujaribu tu. Sasa kama kila mtu ataelewa mwenyewe, mliandika maelezo ya nini? Kwa nini msiache ukurasa mtupu? Mtupu ungekuwa na heri, maana mtu angeogopa na kuuliza.

Katibu alipita Butiama kukagua kituo. Mimi sikuwepo, ila mama mdogo alinisimulia akiiga sauti yake.

"Nani kachora hapa?"

"Mwanangu, Katibu. Yule fundi wa Musoma."

"Ana cheti?"

"Hana, ila anajua."

"Mama, hii karatasi ina muhuri. Ukichora juu ya karatasi yenye muhuri umechora juu ya chama. Kesho na mwingine atachora chake, itakuwa ofisi au itakuwa ukuta wa vijiwe?"

Akachukua pamba, akachovya kwenye spiriti ya kupimia maziwa, akaufuta mshale wangu. Mama mdogo anasema alifuta taratibu, kwa unadhifu, hadi kwenye pembe. Sina shaka. Ni mtu nadhifu. Mashati yake yanapigwa pasi mpaka mikono inasimama. Kinachonikera zaidi ni kwamba tunafanana. Yeye naye hawezi kuvumilia doa. Tofauti ni kwamba yeye aliona doa ni mshale.

Baadaye likaja agizo kwamba kila kituo kinakili kumbukumbu zake kabla ya mkutano wa wanachama. Flashi mpya zikagawiwa. Nilikuwa mjini nafungua simu ya mtu iliyoingia maji, simu yangu ikaita.

"Mwanangu," alisema mama mdogo, "ng'ombe wameisha."

Nilipofika Butiama nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba na bado hajaamua kulia.

"Uliandika kipi kwanza?"

"Kama karatasi."

"Si nilikuambia? Si niliandika kwa herufi kubwa?"

"Uliniambia. Na yeye akaniambia nifuate karatasi." Akanitazama. "Wewe ni mwanangu. Yule ni ofisi. Ningemjibuje, kwamba mtoto kakataa?"

Nilimpigia kelele. Nasema hivyo kwa aibu, maana alikuwa mtu wa mwisho kustahili kelele siku ile, na ndiye peke yake niliyeweza kumfikia. Alinichemshia chai ya maziwa, akaniwekea mbele, nikainywa na hasira zangu.

Nilihangaika na ile mashine kwa programu ya kufufua vilivyofutwa. Nilipata vipande. Nilipata ng'ombe wasio na mwenyewe na wenyewe wasio na ng'ombe. Ng'ombe yupi kachomwa dawa gani, sikupata.

Laiti lingekuwa suala la kompyuta tu. Habari ilitoka kituoni kabla mimi sijafika barabarani, na ilivyotoka haikusema orodha imefutika. Ilisema orodha imetoka. Kwa nini isiseme hivyo? Mtu ana kitu, asubuhi hana. Huku kwetu kitu cha namna hiyo kina jina moja tu, wizi. Jirani mmoja, ambaye mke wake alimtajia mama mdogo mpaka ndama aliyezaliwa wiki ile, alimpita njiani akiangalia upande wa pili. Mwanamke mwingine alimuuliza kisimani, mbele ya watu, "Dada, umempa nani?" Madumu kituoni yakapungua. Na kila ng'ombe akikohoa zizini usiku, nilijua jina gani linatajwa.

Katibu akatoa suluhisho. Kwenye mkutano mama mdogo asimame, aseme kosa ni lake, aombe radhi, mambo yaishe. Atafutwe karani mwingine, na yeye ahamishiwe kuosha madumu.

"Nitasema tu," mama mdogo aliniambia. "Kusema kunaumaga kidogo, halafu kunapita."

"Kutapita kwenda wapi? Ukisema kosa ni lako, watasikia umeuza orodha."

Nikapanda gari kwenda Bunda.

Katibu alinipokea vizuri, lazima niseme. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanivutia kiti.

"Binti, lile ni kosa la kibinadamu."

"Ni la kibinadamu, mzee. La aliyeandika."

"Mwongozo umetoka kwa wenyewe, nje. Mimi nimetafsiri neno kwa neno. Unataka niwasahihishe wenye kitu?"

"Uliujaribu kabla ya kugonga muhuri?"

"Mimi ni katibu, siyo fundi."

"Sasa muhuri ulikuwa unathibitisha nini?"

Akasema mbona kituo cha Suguti hawajapata shida, na wamepewa karatasi ile ile. Swali hilo lilinichoma. Nilipotoka nje nikampigia karani wa Suguti. Alicheka mpaka akakohoa.

"Ile karatasi? Mie sijawahi hata kuisoma, mdogo wangu. Na ile flashi niliiwekeaga nyimbo za kwaya."

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa parokia Butiama. Baada ya sala, Katibu alianza kwa kuipongeza Suguti kwa utunzaji bora wa kumbukumbu. Watu wakapiga makofi. Yule karani akainuka, akapunga mkono, akaniona, akakaa haraka akiziba mdomo kwa kanga. Nikaikumbatia laptop yangu kama mtoto. Mama mdogo alikuwa amenikataza kusema neno. Nilikuwa nimeahidi.

Akaitwa. Akasimama, akaweka kanga sawa mabegani.

"Nimeambiwa niombe radhi," alisema. "Naomba radhi. Mwanangu alinionyesha kwamba karatasi imekosea. Nilimwelewa, msione sikumwelewa. Nikaacha nilichokielewa nikafuata muhuri, kwa sababu niliogopa kazi. Hilo ndilo langu. Lingine silijui."

Hilo hakuwa ameniambia atalisema. Katibu alianza kukusanya makaratasi yake ili aende ajenda nyingine, lakini bibi mmoja aliyekaa mbele, mwenye fimbo, hakuwa amemaliza.

"Orodha iko kwa nani?"

"Haiko kwa mtu, mama. Imefutika."

"Kitu kinafutikaje pasipo mtu kukichukua?"

Hilo ndilo swali kila mtu alilokuja nalo. Nikavunja ahadi yangu, nikasimama. Nilianza kueleza habari za folda, na sura zikanifungia mlango moja baada ya nyingine. Mtu nyuma akasema, "Sema kwa lugha ya watu, wewe!" Wakacheka.

Nikaacha kueleza. Nikamwendea yule bibi, nikaiweka laptop juu ya benchi karibu naye, nikachomeka flashi tupu, nikamfungulia picha za ng'ombe nilizopiga njiani wakati nakuja.

"Bibi, unawaona?"

"Nawaona. Huyu mwekundu kakonda."

"Katibu," nikasema, "naomba usome mstari wa nne wa mwongozo, kwa sauti. Nitachapa unachosoma, sitaongeza kitu."

Angeweza kukataa. Nadhani alitaka. Lakini ilikuwa karatasi yake, ina muhuri wake, na watu wote walikuwa wamegeuka kumtazama. Akaitoa kwenye makaratasi yake, akavaa miwani, akasoma, vizuri, kwa sauti ya kanisani. Nikachapa. Nikabonyeza enta.

Picha zikapotea zote.

Bibi akasogeza uso hadi karibu na kioo. Akatazama pembeni ya laptop, akatazama chini ya benchi.

"Wamekwenda wapi?"

"Hawakwenda popote, bibi. Wamefutwa."

"Na nani?"

Sauti ile ile ya nyuma ikasema, "Na muhuri!" na safari hii ukumbi ulicheka kwa muda mrefu. Bibi hakucheka. Aligeuka akamtazama mama mdogo, akamwambia kitu kifupi kwa Kizanaki, mama mdogo akainamisha kichwa, ndipo machozi yakamtoka. Baadaye nilimuuliza aliambiwa nini. "Kasema Jumatatu niende, ataniambia upya wale wa kwake."

Katibu alisema mwongozo utafanyiwa marekebisho. Alisema hivyo tu. Hakuna aliyemwomba mama mdogo radhi, hadi leo, na habari ya kuosha madumu ilikufa kimyakimya kama vile haikuwahi kusemwa. Alirudi kuzunguka majikoni. Wengine walimtajia tena, wengine wamebaki na "wapo wapo" yao. Yule jirani bado anatazama upande wa pili, ila maziwa anamtuma mke wake ayalete. Watu wananiambia yameisha, nipumzike. Yameisha kwa nani? Yale maelezo ya wenye programu bado yako vile vile, nimeyatazama asubuhi hii. Mahali fulani kuna mtu mwingine anayafuata, na hana mtu wa kumchorea mshale.

Karatasi mpya ilipokuwa tayari, mama mdogo alinipigia simu, akaniambia nivae vizuri tukutane Bunda. Sikujua kwa nini. Nilipofika nilimkuta ameketi ofisini kwa Katibu, mkoba mapajani. Katibu alikuwa na karatasi mezani, kidau cha wino kimefunguliwa, na muhuri mkononi.

"Nimemwambia Katibu siibandiki," mama mdogo alisema, "mpaka uisome kabla haijagongwa. Ikishagongwa haichorwi."

Nikakaa. Nikaisoma. Mstari wa nne ulikuwa sawa. Nikarudi juu, nikaanza upya polepole, kidole chini ya kila neno, na ile hofu yangu ya siku zote ikaja ikakaa nami, safari hii ikiwa na kazi ya kufanya. Nje kulikuwa na watu kwenye foleni. Katibu alihamisha muhuri kutoka mkono huu kwenda mwingine.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Binti, watu wanasubiri."

"Wasubiri," mama mdogo alisema, hakupandisha hata sauti.

Nikafika mstari wa sita. Nikausoma, nikausoma tena. Moyo ukaanza kwenda mbio.

"Katibu," nikasema, "naomba hiyo kompyuta yako nijaribu kitu."

Alinitazama, akamtazama mama mdogo, akauweka muhuri chini, akaanza kutoa makaratasi yake juu ya kompyuta ili nipate nafasi.